Humra na Ukla: Maumbo ambayo hata mpiga ramli hapendi kuyaona

WAPIGA ramli wa Mji wa Kale, Mombasa, wana maumbo 16 tu ya kusomea mambo ya watu. Miongoni mwa hayo yapo machache ambayo wao wenyewe, hata baada ya kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, hawafurahii kuyaona yakijitokeza juu ya mchanga au karatasi.

Jambo hili halizungumzwi sana. Mazungumzo ya vibarazani kuhusu ramli huwa juu ya mteja: mama aliyekosa habari za mwanawe aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi, mfanyabiashara aliyeibiwa dukani, binti aliyechumbiwa mara mbili na posa zote mbili zikavunjika. Moyo wa yule anayeketi upande wa pili wa mkeka hauulizwi. Ilhali jibu hupita kinywani mwake kabla ya kumfikia mwulizaji, na jibu hilo laweza kuahirisha safari, kuvunja ndoa au, baya zaidi, kumwelekezea kidole mzee wa nyumbani kwamba ndiye chanzo cha maradhi.

Ili kuelewa kwa nini umbo moja humtia mtaalamu wasiwasi na jingine likamtuliza, yafaa kwanza kueleza jinsi bao linavyopatikana, maana wengi waliokwisha kuangaliziwa hawakupata kuelezwa.

Neno ramli limetokana na Kiarabu na maana yake ni mchanga. Mtaalamu, ambaye katika pwani huitwa mwalimu au maalim, huchora mistari 16 ya nukta kwa haraka bila kuzihesabu. Baadaye huzifuta mbili mbili. Mstari ukibakiwa na nukta moja, yaani ukiwa witiri, huandikwa moja. Ukibakiwa na mbili, yaani ukiwa shufwa, huandikwa mbili. Kila mistari minne hufanya umbo moja, na kwa njia hiyo hupatikana maumbo manne ya kwanza yaitwayo mama.

Mama hao wanne, wakisomwa kwa upana badala ya kwenda chini, huwatoa mabinti wanne. Kuanzia hapo ni hesabu tupu. Maumbo hayo manane hujumlishwa mawili mawili, mstari kwa mstari, yakazaa manne mengine. Manne huzaa mawili ambayo huitwa mashahidi. Na mashahidi hao wawili humzaa umbo la 15, ambaye ndiye kadhi wa bao lote. Wapo wanaoongeza umbo la 16 kwa ajili ya kuhakikisha hukumu. Nafasi 12 za mwanzo huitwa nyumba. Ya kwanza ni ya mwulizaji mwenyewe, ya pili ni ya mali, ya sita ni ya maradhi, ya saba ni ya ndoa, ya nane ni ya mauti na hofu, ya tisa ni ya safari, na ya 12 ni ya maadui.

Mabao yanayoweza kutokea kwa utaratibu huu ni 65,536, wala hakuna zaidi. Maumbo yenyewe, hata hivyo, hayazidi 16, na ndiyo maana mtaalamu huyajua kama mtu anavyowajua majirani zake.

Majina yake ni ya Kiarabu, ingawa hutamkwa kwa namna mbalimbali kutoka kisiwa hadi kisiwa. Jamaa ni mkusanyiko wa watu. Tariki ni njia. Lahyani ni furaha. Bayadhi ni weupe. Nusra dakhili na Nusra khariji ni msaada, mmoja ukiingia na mwingine ukitoka. Kabdhi dakhili ni kushika kitu kikaingia mkononi. Kabdhi khariji ni kitu kilichoshikwa kikaponyoka.

Yasiyopendwa ni mengine. Humra ni wekundu: damu, moto, ghadhabu, ugomvi. Umbo lake ni mbili, moja, mbili, mbili. Inkisi ni kilichopinduliwa kichwa chini, nalo ni umbo la huzuni na la kushuka hadhi: mbili, mbili, mbili, moja. Ukla ni fundo au pingu, kitu kilichofungwa, na huandikwa moja, mbili, mbili, moja. Kwa lugha ya fani hiyo haya ni nuhsi, kinyume cha saadi. Kabdhi khariji nalo huhesabiwa upande huo huo mteja akiwa amekuja kuuliza habari za mali.

Tuseme mama wa Kibokoni amefika asubuhi, akapiga hodi, akavua viatu mlangoni na kusema, "Shikamoo, maalim. Nakuomba uniangalizie mwanangu." Maalim anachora nukta, anazifuta, na katika nyumba ya tisa, ile ya safari, inakuja Humra. Kabla hajafikiria neno la kusema, uso wake umekwisha kusomwa. Mama yule hajui Humra wala Inkisi, lakini anajua macho ya mtu aliyeona kitu asichokipenda. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na haumo katika vitabu.

Pwani imezoea kuvifunika vitu vizito kwa maneno mepesi. Mtaalamu hatamwambia mteja kwamba ameona damu. Atasema kuna kiwingu, au nyota imefifia kidogo, au kuna jicho la mtu. Adabu hiyo ni njema, ila ina hatari yake, kwa kuwa mwulizaji huenda akalijaza neno lile jepesi kwa hofu nzito kuliko ile iliyokuwa kwenye bao.

Chuki dhidi ya umbo fulani huota mizizi kwa njia inayoeleweka. Mtaalamu aliyewahi kuipata Humra asubuhi na jioni yake akasikia nyumba ya mteja imeungua hatasahau siku hiyo. Siku nyingine zote ambazo Humra ilikuja na hakuna lililotokea hazina mahali pa kukaa katika kumbukumbu. Binadamu ndivyo alivyo, awe mpiga ramli, mwanasoka au mhasibu.

Hesabu yenyewe ingeweza kumpunguzia hofu. Katika nafasi 14 za kwanza za bao, kila umbo kati ya yale 16 lina fursa sawa ya kutokea katika kila nafasi. Kwa hiyo, katika kila mabao manane, Humra hutarajiwa kuonekana kwa wastani mara saba. Mtu anayeiogopa Humra basi anaogopa kitu kinachomtembelea karibu kila anapoketi kazini. Kama kila Humra ingeleta moto, Mji wa Kale wenye milango ya mbao iliyonakshiwa na nyumba zilizobanana usingekuwapo.

Lipo jingine ambalo wataalamu makini hulitambua, nalo lina uzito kuliko hilo. Kadhi wa bao, kwa jinsi anavyozaliwa, hawezi kamwe kuwa na jumla ya nukta iliyo witiri. Nukta za mama husomwa mara mbili, mara moja kwa kwenda chini na mara ya pili kwa upana, hivyo jumla ya mwisho lazima iwe shufwa. Humra ina nukta saba. Inkisi pia ina saba. Maana yake ni kwamba maumbo hayo mawili yanayoogopwa mno hayawezi kukaa katika kiti cha kadhi hata bao likipigwa mara elfu. Yanaweza kutoa ushahidi, lakini hukumu si yao. Akiona Humra mahali pa kadhi, mtaalamu ajue amekosea kujumlisha.

Ukla, kwa upande mwingine, ina nukta sita na kiti cha kadhi kiko wazi kwake. Maumbo yanayoweza kukikalia ni manane pekee, na kila moja lina nafasi moja kati ya nane. Kwa wateja wanane, basi, mmoja kwa wastani ataondoka na hukumu ya kifungo. Mwenye kuchukizwa na Ukla ana sababu ya kihesabu kuliko mwenye kuchukizwa na Humra.

La kushangaza zaidi ni kuhusu mashahidi. Humra ikiwa shahidi mmoja na Inkisi ikiwa wa pili, jumlisha mstari kwa mstari: mbili na mbili ni shufwa, moja na mbili ni witiri, mbili na mbili ni shufwa, mbili na moja ni witiri. Kadhi anayezaliwa ni mbili, moja, mbili, moja, yaani Kabdhi dakhili, kitu kinachoingia mkononi. Maumbo mawili ya kuchukiza yamezaa pato. Sasa chukua yale yanayopendwa, Lahyani ya furaha na Bayadhi ya weupe. Ukiyajumlisha unapata moja, mbili, moja, mbili: Kabdhi khariji, hasara. Mtaalamu aliyekunja uso mapema kwa sababu ya mashahidi atakuwa amemtisha mtu bure, na aliyetabasamu mapema atalazimika kulirudisha tabasamu lake.

Aidha, umbo baya si baya kwa kila swali. Kabdhi khariji ni msiba kwa mwenye duka, lakini kwa mwenye mgonjwa ni faraja kwa kuwa kinachotoka ni maradhi, na kwa mwenye ndugu aliye gerezani ni habari ya mlango kufunguliwa. Ukla humuudhi anayetaka kusafiri. Yule anayeogopa kwamba mume au mali itamtoka huipokea kwa shukrani.

Elimu hii haikuzaliwa Mombasa. Ilienea pamoja na Kiarabu katika Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, na jina linalotajwa mno katika vitabu vyake ni la Sheikh al-Zanati, mtu wa kabila la Waberberi. Katika jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, kuna chombo cha shaba cha kupigia ramli kilichotengenezwa na Muhammad ibn Khutlukh wa Mosul katika mwaka wa 1241 au 1242. Wayoruba wa Nigeria wana Ifa, ambayo nayo husimama juu ya maumbo 16. Madagaska wana sikidi, na majina ya maumbo yao bado yana mlio wa Kiarabu. Ulaya iliitafsiri elimu hii kwa Kilatini tangu karne ya 12. Kwa Waswahili, desturi za uaguzi zilikwisha kuandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903.

Vitabu vya Ulaya vina kanuni moja inayofaa kutajwa hapa. Humra, ambayo wao huiita Rubeus, ikianguka katika nyumba ya kwanza, bao huvunjwa na swali halijibiwi. Yaani watu wale waliona kwamba lipo umbo ambalo msomaji hatakiwi kushindana nalo, wakaliwekea sheria ili lisibaki juu ya hisia za mtu mmoja.

Bila sheria kama hiyo, kishawishi cha kufuta na kupiga upya ni kikubwa. Kiganja kimoja juu ya mchanga na Humra haipo tena, mteja hakuona. Wanaoiheshimu fani hukataa, wakisema swali moja halipigiwi bao mara mbili, kwani atakayeendelea kufuta hadi apate Lahyani hajaangalia kitu isipokuwa matamanio yake. Hata mkono una ujanja. Mtu aliyechora nukta kwa miaka 30 anaweza, bila kukusudia, kuusimamisha mstari pale panapomwepusha na asichokitaka. Sharti la kuchora upesi bila kuhesabu lina kazi yake, nayo ni kuuzuia mkono usipate nafasi ya kuchagua.

Ramli isichanganywe na falaki, ingawa mara nyingi mtu mmoja huzifanya zote mbili. Katika falaki, jina la mteja na la mama yake hugeuzwa kuwa hesabu kwa herufi za Kiarabu. Ali ni 110 na Fatuma ni 135, jumla 245. Ukitoa 12 mara 20 inabaki tano, na nyota ya tano ni Asadi. Hesabu hiyo haibadiliki hadi kaburini, kwa hiyo mnajimu hana cha kushtukia. Mpiga ramli huanza upya kila siku, hajui kitakachotoka, na kwa ajili hiyo moyo wake umo kazini zaidi.

Upo upande wa fedha ambao haupendezi kuutaja lakini hauepukiki. Umbo likiwa zuri, mteja hulipa ada ya kuangaliziwa akaenda zake. Likiwa baya, patahitajika sadaka, kafara, azima, kombe la kunywa au hirizi ya kuvaa, na kila moja ina gharama yake. Mtaalamu asiyeipenda Humra moyoni huenda mfuko wake ukaipenda. Matangazo ya waganga yanayobandikwa kwenye kuta na nguzo za umeme mijini yanafahamu vyema kwamba habari mbaya ndiyo yenye soko. Mteja mwenye busara atauliza kwanza bei ya tiba kabla ya kuuliza jina la adui.

Viongozi wa dini, kwa upande wao, hawana haja ya kupambanua umbo zuri na baya. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inaonya kwamba anayemwendea mtabiri na kumwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Wapiga ramli hujitetea kwa hadithi nyingine, iliyomo pia katika Muslim, inayomtaja nabii mmoja aliyekuwa akichora mistari; wao husema nabii huyo ni Idrisa. Wanazuoni hujibu kwamba hakuna awezaye kuthibitisha kuwa mistari yake inalingana na ya nabii huyo. Mombasa imelijua pingamizi hili kwa muda mrefu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufariki kwake mwaka 1947, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliyeushika wadhifa huo baadaye, wote wawili walipiga vita mambo waliyoyaona kuwa bidaa. Ibn Khaldun naye, katika karne ya 14, aliijadili ramli na kuiona haina msingi.

Mtabiri mashuhuri kuliko wote katika Afrika Mashariki, Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2011, alikuwa na tabia tofauti kabisa na ya watu wa kiwingu na nyota iliyofifia. Alitangaza mambo mazito hadharani. Alipotabiri kwamba mwanachama wa CCM atakayejaribu kushindana na Rais Jakaya Kikwete katika uteuzi wa mwaka 2010 angekufa ghafla, nchi nzima ilibishana kama huo ni utabiri au ni kitisho. Tofauti kati ya viwili hivyo ni ndogo kuliko watabiri wanavyodhani, nayo inahusu hata bao dogo linalopigwa chumbani.

Na hapa ndipo nyumba ya 12, ile ya maadui, inapokuwa jambo la kufa na kupona. Mtaalamu akiona Humra au Inkisi hapo, vitabu vinamruhusu kusema kuna uadui. Havimpi jina. Jina hutoka kwa mteja, ambaye tayari ana mtu anayemshuku, na ishara ndogo ya kichwa humtosha. Katika Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pamekuwa na ugomvi wa ardhi. Baadhi ya walionusurika wamepewa hifadhi Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, mbali na watoto na wajukuu waliowageuka. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ambayo ni ya mwaka 1925, inamgusa anayejidai kuwa na nguvu hizo na pia anayemtuhumu mwenziwe, lakini kesi huja baada ya panga.

Ndiyo maana baadhi ya wataalamu huona heri kuichukia Humra kuliko kuizoea. Asiyeipenda huisoma polepole, hutafuta shahidi wa pili, humsubiri kadhi. Aliyeizoea huitamka kama bei ya samaki sokoni.

Huko Ulaya na Marekani, wasomaji wa karata za taroti wanakutana na jambo lilo hilo. Karata zao ni 78. Zilianza kama mchezo katika Italia ya Kaskazini katika karne ya 15, na zikaja kutumika sana kwa utabiri katika karne ya 18. Karata ya Mauti huwatisha wateja, ingawa wasomaji wengi hueleza kwamba maana yake ni kumalizika kwa jambo na kuanza jingine. Inayowachosha wasomaji wenyewe mara nyingi ni ile ya Mnara, unaopigwa radi na watu wakaanguka kutoka madirishani. Wapo wanaokiri kwamba huyumba inapotokea. Tofauti ni kwamba karata ina picha, na mteja huuona moto kwa macho yake. Humra ni nukta saba tu, na anayezielewa chumbani humo ni mmoja.

Kazi ikisha, maalim anayetumia mchanga huusawazisha kwa kiganja kabla mteja hajainuka, liwe lililotoka ni Lahyani au ni Ukla, na bao la pili huanza juu ya mchanga ule ule.